Picha kali na picha inayokaa ni vitu viwili: tuongee kuhusu megapikseli, mwanga na yule anayeshika kamera

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja watu walibishana kuanzia saa mbili usiku mpaka mimi nikazima data nikalala nikawaacha. Mmoja kanunua simu mpya ya megapikseli 200, katupia picha ya bahari, mwingine mwenye simu ya megapikseli 12 anamwambia hiyo yako haina kitu, basi ikaanza mechi, huyu anasema zoom uone mpaka boya lile kule, yule anasema angalia rangi. Kila mtu kawa fundi. Na kwa vile mimi naishi kwa kazi hiyo (harusi, kipaimara, maulidi, na kukiwa hakuna kitu basi pasipoti saizi) nikaanza kupigiwa mention niamue. Sikuamua. Ila nimeona niandike, maana hili swali la nini kinaifanya picha iwe nzuri naulizwa karibu kila wiki, na karibu kila wiki naulizwa vibaya.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "picha kali". Sasa kali kwa Kiswahili cha mtaani ni nzuri sana, ngoma kali, gari kali, lakini pia kali ni kama kisu, yenye makali, unaona kila unywele. Maana hizo mbili tumezichanganya mpaka tunaamini ni kitu kimoja. Picha yenye makali kila mtu anaweza kupiga siku hizi, simu inakufanyia. Pasipoti saizi ni kali kuliko zote, uso uko katikati, mwanga sawa, masikio yote yanaonekana, na hujawahi kuona mtu anaiangalia pasipoti saizi yake dakika mbili mfululizo. Sanasana inakuja kukuzwa siku ya msiba, familia ikitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza ikagundua marehemu hana nyingine zaidi ya ile yenye kitambaa cha bluu nyuma.

Kwa hiyo humu nitatumia maneno mawili. Picha kali, nikimaanisha yenye makali na rangi safi. Na picha inayokaa, yaani ile ukishaiona inabaki kichwani, unarudi kuitazama, unamwonyesha mtu mwingine. Ya kwanza ni kazi ya kifaa kwa sehemu kubwa. Ya pili ni kazi ya mtu.

Tuanze na kifaa ili tumalizane nacho.

Kamera yoyote, ya laki moja au ya milioni kumi, ni boksi la kukusanya mwanga. Basi. Yule Mfaransa Nicéphore Niépce alipopiga ile picha ya zamani kuliko zote zilizobaki hadi leo, akiwa dirishani kwake mwaka 1826 au 1827, boksi lake lilikuwa zito kukusanya mwanga kiasi kwamba ilibidi aliache wazi saa nyingi sana, mpaka jua likahama upande. Ukiitazama ile picha kuta za pande mbili zinazotazamana zote zimepigwa na jua. Asubuhi na jioni ziko kwenye picha moja. Simu yako inafanya kazi ileile kwa kupepesa jicho.

Megapikseli sasa. Fikiria kazi ya shanga. Picha ya kidijitali imetungwa kwa vidoti kama shanga, na megapikseli moja ni shanga milioni moja. Ukiwa na nyingi unaweza kuikuza sana kabla shanga hazijaanza kuonekana moja moja, hilo ni kweli, hakuna anayebisha. Swali ni unaikuza kwenda wapi? Televisheni ya 4K ina vidoti kama milioni 8 tu. Ukiprinti karatasi ya A4 kwa kiwango kizuri kabisa cha studio unahitaji karibu milioni 9. Na picha uliyoitupa kwenye grupu, bwana megapikseli 200, WhatsApp imeshaibana mpaka imebaki kidogo kabla hatujaifungua. Tena kuna kitu wauzaji hawakisemi kwa sauti, hiyo simu ya 200 ukiipiga kawaida bila kubadili setingi mara nyingi inaunganisha vidoti 16 kuwa kimoja na inakupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Yaani mlikuwa mnabishana watu wawili wenye kitu kilekile karibu.

Kwa nini inaunganisha? Hapa toka na ndoo nje mvua ikinyesha. Ukipanga vifuniko vya soda mia mbili uwanjani na jirani yako akaweka ndoo kumi, nani atakinga maji zaidi? Mwanga ndio mvua. Vidoti vidogo vidogo kwenye eneo dogo la simu kila kimoja kinakinga kidogo sana, kwa hiyo jua likiwa kali hamna shida, ila usiku ukumbini picha inajaa chengachenga. Simu ikiunganisha vifuniko inajitengenezea ndoo. Ndiyo maana kamera kubwa ya zamani yenye megapikseli 20 bado usiku inazishinda simu nyingi, eneo lake la kukingia mwanga ni kubwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize namba ya megapikseli pekee, mwambie muuzaji aende kona yenye giza ya duka apige picha ya uso wako, hapo utajua.

Kifaa tumemaliza, karibu. Kimebaki kitu kimoja ambacho kinatuhusu sisi watu weusi na sijui kwa nini hakiongelewi sana.

Kamera haijui inachotazama. Inapima mwanga wote uliopo mbele yake halafu inataka wastani wake uwe kijivu cha katikati. Ni kama mtu anayeamini kila kikombe cha chai duniani kinapaswa kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukimpa chai ya rangi anaongeza maziwa, ukimpa maziwa matupu anaongeza majani. Sasa msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona kikombe kimejaa maziwa, inamwaga majani, ukuta unakuwa mzuri na uso wa ndugu yako unakuwa meno na macho tu. Halafu watu wanacheka, "umekuwa mweusi sana", wakati kosa ni la chai. Simu za sasa zinajitahidi kutafuta uso zenyewe, lakini kwenye ukuta mweupe au shela bado zinakosea. Dawa yake gusa uso kwenye skrini, kisha vuta juu au chini kile kialama cha jua kinachotokea pembeni mpaka uso uwe sawa. Ukuta ukiungua, yaani ukawa mweupe tupu, shauri yake, hukuja kumpiga ukuta.

Na hii sio bahati mbaya tu. Enzi za filamu, maabara za kuosha picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi maalumu yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley zikiitwa, na uso wake ukitoka vizuri basi mashine iko sawa, sisi wengine tutajijua. Waliofanya kazi Kodak, ile kampuni kubwa ya filamu, wamesimulia kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya bibi yangu. Hadi 2021 ndipo Google wakaja na simu ya Pixel 6 wakitangaza hadharani kwamba wameirekebisha ipige ngozi nyeusi kama ilivyo. Kwa hiyo picha za wazee wetu zilizotoka giza za harusi za miaka ya sabini, msimlaumu mpiga picha peke yake.

Haya, tuache boksi tuje kwa mtu.

Kitu cha kwanza anachoamua mtu ni mwanga upi. Vitabu vingi na video za YouTube zinatoka nchi za mbali na ikweta, wanakwambia subiri ile saa ya dhahabu, jua likishuka mwanga unakuwa laini wa njano. Ni kweli. Ila wao wanasema "saa" kwa sababu kwao majira ya joto jua linazama kwa mshazari, linateleza taratibu pembeni mwa anga, wana muda wa kupiga na kunywa kahawa. Huku kwetu karibu na ikweta jua linazama wima kama limeangushwa. Linasogea digrii 15 kwa saa na karibu zote linazitumia kushuka, kwa hiyo ule mwanga mzuri kabisa wa mwisho una kama dakika 25, ukienda kumtafuta bibi harusi aliyepotelea saluni umekwisha. Nimeshachekwa na kamati nzima ya harusi kwa kuwakimbiza watu saa kumi na mbili kasoro, sijali.

Adui mkubwa ni mchana. Mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba jua la saa sita na dakika kadhaa Dar linakaa utosini kabisa, ukisimama wima kivuli chako unakikanyaga. Miezi mingine linainama kidogo ila bado liko juu. Mwanga wa juu hivyo unachimba mashimo kwenye macho na kuweka sharubu ya kivuli chini ya pua, mtu mzuri anatoka kama fuvu. Na ndio muda familia inatoka kanisani! Hapo wala usihangaike na flashi. Mpeleke mtu kwenye baraza, au msimamishe mlangoni ndani kidogo akitazama nje, au ukingoni mwa kivuli cha mwembe, sio katikati ya kivuli maana majani yatamchora madoadoa. Waliotembea vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe wanajua kila mtu anapendeza mle, sababu jua linagonga kuta nyeupe juu na kudondoka chini likiwa limeshapoa. Hamna uchawi, ukuta umefanya kazi ya taa ya studio bure.

Sasa nataka tukae kwenye picha moja, maana maelezo bila mfano ni maneno tu.

Kama 1930 hivi kulikuwa na Mhungari mmoja, Martin Munkácsi, aliyeanza kama mwandishi na mpiga picha wa michezo, mpira na mbio. Akiwa Afrika alipiga picha ya vijana watatu wanaokimbia kuingia majini. Wako uchi, wametupa mgongo, hatuoni uso hata mmoja. Miili yao ni myeusi tii dhidi ya povu jeupe, mikono na miguu imetawanyika na haijagusana vibaya, kila mmoja unamwona peke yake na bado ni kundi. Haina rangi. Haina "makali" ya kuzoom uone kope, kope zenyewe haziko. Kijana mmoja wa Kifaransa aliyekuwa anajifunza uchoraji akaiona, na baadaye akasema picha hiyo ndiyo iliyomwashia moto na kumfanya atoke na kamera barabarani. Huyo ni Henri Cartier-Bresson, ambaye dunia nzima inamhesabu kati ya wakubwa wa kazi hii.

Iulize hiyo picha kwa akili ya grupu letu. Sura? Hakuna. Rangi? Hakuna. Wamepozi? Hawajui hata kama wanapigwa. Kwa nini inakaa? Mimi naona vitu vitatu na vyote ni maamuzi. Kasimama nyuma yao, sio mbele, kwa hiyo na wewe mtazamaji ni kama unakimbia nao. Kaacha nje kila kitu, hakuna mtumbwi, hakuna mama anafua, hakuna mti, ni maji na miili tu. Na kabonyeza pale miguu iko hewani, nusu sekunde baadaye wangekuwa watu watatu waliosimama ndani ya maji, picha ya kufuta. Mtu aliyezoea kuvizia goli ndiye anaweza kuvizia hilo.

La kuacha nje ndilo gumu kuliko yote na ndilo ninaloona watu wanakosea zaidi. Una rafiki yule ambaye akikusimulia ajali anaanzia alichokula asubuhi, dereva alivaa nini, nauli ilikuwa ngapi, mpaka ajali inafika umeshasinzia? Picha nyingi ndivyo zilivyo. Kila kitu kimo. Meza kuu ya harusi, maharusi wanatazamana vizuri kabisa, na katikati yao kuna chupa sita za maji, maiki, boksi la tishu na mkono wa MC. Mimi sasa kabla ya keki nazunguka nabeba chupa za maji kama mhudumu, wengine wanadhani nimeajiriwa na kampuni ya chakula. Kabla ya kubonyeza pitisha jicho kwenye kona nne za fremu, uliza kila kilichomo kimekuja kufanya nini. Kama hakina kazi songa mbele hatua mbili, au piga goti. Robert Capa, mpiga picha aliyefuata vita vitano na kamera hadi kimoja kikamuua, alikuwa anasema kama picha zako hazitoshi basi hukuwa karibu vya kutosha. Zoom ya vidole sio kukaribia, hiyo ni kuzikata shanga.

Na kuna ukaribu wa aina nyingine. Mohamed Amin, Mo Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi 1943, alifungua kampuni yake ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Mwaka 1984 yeye ndiye aliyeshika kamera kule Ethiopia akiwa na Michael Buerk wa BBC, zile picha za njaa zilizoifanya dunia isimame. Ile ilikuwa video, sawa, ila hoja yangu ni ileile: hakuna lenzi inayokufikisha mahali. Aliwajua watu, vibali alivitafuta na njia akazijua. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka 1996 alipofariki kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Sehemu kubwa ya picha inatokea kabla kamera haijatoka kwenye begi. Hata kwenye send-off, yule mpiga picha aliyefika saa mbili kabla akasalimia mashangazi atapata machozi ya kweli, aliyefika na keki atapata migongo.

Mengine nipite haraka. Ile kanuni ya kugawa picha mistari miwili kwenda chini na miwili kwenda pembeni, ukamweka mtu kwenye makutano, ni nzuri kwa anayeanza, kama vipimo vya pilau kwenye karatasi, ukishazoea utaweka kwa jicho na siku nyingine utamweka mtu katikati kabisa na itakaa vizuri tu. Nyeusi na nyeupe haiifanyi picha mbovu kuwa sanaa, inaifanya iwe mbovu bila rangi. Filta ya kulainisha ngozi mpaka mtu anafanana na sahani, mimi nikilipwa naweka, nikiulizwa maoni sisemi. Ile potreti ya kufifisha nyuma simu inaibuni kwa hesabu, angalia masikio na nywele utaona imekata vibaya, ila ikisaidia kuficha ndoo na kamba ya kuanikia nguo itumie.

Kuna na hii ya akili mnemba, watu wanauliza si sasa nitaandika tu "mzee wa pwani amekaa barazani jua linazama" nikapata kali kuliko yako. Utapata kali, ndiyo. Itakuwa na makali na rangi na mwanga wa dhahabu usioisha. Ila huyo mzee hakuna anayemwamkia. Picha inakaa pia kwa sababu jambo lilitokea na mtu alikuwepo.

Na hapo nirudi kwa wale vijana watatu. Miaka yote picha ile imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilijivuna kabisa nikawaza Kigoma ile. Baadaye nikakuta wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia, upande mwingine wa bara, maji yenyewe ni bahari. Vijana hawana majina kabisa, na picha imezunguka dunia nzima.

Wazee wetu hapo walitushinda. Wakienda studio, mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, kama pale Capital Art Studio Zanzibar iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na nyingine ndogondogo kila mji, picha ikishaoshwa waliigeuza na kuandika nyuma. Nyumbani tuna moja ya baba mdogo, kasimama na redio begani, suruali pana chini, kiatu kimoja kamba zimefunguka. Sio kali, upande mmoja umekula unyevu. Kila mgeni akiishika anaangalia kile kiatu halafu anacheka. Nyuma kuna biki ya bluu: "Ukumbusho. Tanga, 1976." Kwenye simu yangu nina picha elfu kumi na moja, na zote zinaitwa IMG.